Sura ya Nne: Funguo za Ghala

Wengi wanaoingia Makaburi ya Kinondoni bila kufuata msiba huwa wanalitafuta kaburi la mwigizaji Steven Kanumba. Wachache mno wanajua kwamba Februari 1969 ardhi hiyohiyo ilimpokea Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, aliyeuawa tarehe 3 ya mwezi huo kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alichotumiwa kama kifurushi. Alikifungua akiwa katika nyumba ya rafiki, Oyster Bay. Miaka miwili baadaye, Aprili 1971, alizikwa hapo pia Josina Machel, mke wa Samora, aliyefariki Dar es Salaam kwa maradhi akiwa na umri wa miaka 25. Msumbiji ilipopata uhuru wake, mabaki yao yalihamishiwa Maputo, na Kinondoni ikabaki na maiti wake wa kawaida.

Hata hivyo makaburi hayo mawili yanatosha kutuonyesha umbali ambao vita vya Msumbiji vilikuwa vimesafiri. Risasi zilirindima ng'ambo ya Ruvuma, mamia ya kilomita kusini, lakini viongozi walikaa, walipanga, waligombana, walioana na kuzikwa kwenye viunga vya Dar es Salaam. Nyerere na wenzake waliruhusu hilo wakijua wanachofanya. Ninachotaka kukionyesha katika sura hii ni namna walivyofikiri: taifa maskini, lililo katikati ya vita vinavyopanuka kila mwaka, lilitaka vita viendelee na wakati huohuo visiingie ndani ya nyumba yake.

Chukua ramani ya mwaka 1965. Kusini kuna Mreno, naye hana mpango wa kuondoka Msumbiji. Magharibi Kongo inaungua. Kusini-magharibi kuna Zambia, huru tangu Oktoba 1964, lakini shaba inayotoka na mafuta yanayoingia nchini humo vinapita mikononi mwa Wazungu wa Rhodesia, ambao Novemba 11, 1965 walijitangazia uhuru wao ili Waafrika wasitawale. Vita vya silaha vilikuwa vimeanza Angola mwaka 1961. Msumbiji vilianza Septemba 25, 1964, na kufikia mwishoni mwa 1966 milio ya bunduki ilishasikika Rhodesia na Namibia pia. Nchi pekee iliyo huru, yenye bandari kubwa na yenye mpaka na uwanja wa vita wa Msumbiji, ilikuwa Tanzania.

Na nchi hiyo haikuwa na jeshi la kuaminika.

Mei 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipozaliwa Addis Ababa, uliunda Kamati ya Ukombozi yenye wanachama 9 na kuipa makao Dar es Salaam. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Oscar Kambona. Kamati haijatimiza hata mwaka, Januari 20, 1964 askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, kando ya Barabara ya Bagamoyo, waliasi. Walitaka mishahara bora na maofisa Waafrika badala ya Waingereza. Kambona, aliyekuwa na wizara ya mambo ya nje na ulinzi pamoja, ndiye aliyekwenda kuwabembeleza. Mtu aliyepewa jukumu la kuratibu silaha za bara zima alijikuta akijadiliana na askari wake mwenyewe kuhusu posho. Januari 25 makomando wa Kiingereza walitua kwa helikopta kutoka meli ya HMS Centaur, na kwa saa chache uasi ukaisha. Nyerere hakuficha aibu yake: serikali iliyokuwa inawafukuza wakoloni kusini iliokolewa nyumbani na mkoloni wa jana.

Kambi ile leo inaitwa Lugalo, kwa kumbukumbu ya mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Jina lilibadilishwa, na jeshi lenyewe lilivunjwa kabisa. Wanajeshi wa Nigeria walishika zamu kwa muda, vijana wakasajiliwa upya kupitia chama tawala na Jeshi la Kujenga Taifa, na Septemba 1, 1964 ikazaliwa JWTZ. Askari wa jeshi jipya alitakiwa kuwa mwanachama wa chama. Mafunzo nayo hayakuachwa kwa mfadhili mmoja: Wakanada walifundisha hadi 1970, kisha Wachina wakachukua nafasi kubwa na kujenga kituo cha wanamaji Kigamboni. Ujerumani Magharibi ilipojaribu mwaka 1965 kutumia misaada yake ya kijeshi ili kuilazimisha Tanzania isiipe nafasi Ujerumani Mashariki, Nyerere aliwaambia waondoke na misaada yao mingine yote.

Kwa maoni yangu, uasi wa Colito ndio uliozaa kanuni iliyoongoza kila uamuzi wa miaka 15 iliyofuata, ingawa hakuna hotuba niijuayo iliyoitamka hivyo: bunduki isiyo chini ya mamlaka yako, hata ikiwa ya rafiki, ni hatari kwako. Baba mwenye nyumba wa Temeke anaielewa kanuni hii bila kusoma chuo. Anapangisha vyumba, anavumilia kelele za wapangaji, lakini ufunguo wa geti haachi kwa mtu.

Tuje Kurasini sasa. Kurasini ya leo ni malori, makontena na msongamano wa bandari, lakini katika miaka ya 1960 palikuwa ndio shule ya mapinduzi ya Msumbiji. Mwaka 1963 Janet Mondlane, Mmarekani aliyeolewa na Eduardo, alianzisha hapo Taasisi ya Msumbiji, shule yenye mabweni kwa vijana waliotoroka utawala wa Mreno. Fedha za mwanzo zilitoka Ford Foundation. Lisbon ikalalamika Washington na mfadhili akajitoa, ndipo Sweden na wafadhili wengine wa kaskazini mwa Ulaya wakaingia. Vijana wakasoma hisabati na historia, huku gatini, hatua chache tu kutoka hapo, makreti ya silaha yakishuka.

Utaratibu wa makreti hayo ndio kiini cha sura hii. Silaha zilitoka China, Urusi ya Kisovieti, Algeria na kwingineko. Zikifika hazikupelekwa moja kwa moja kwa FRELIMO wala ANC ya Afrika Kusini wala ZANU ya Rhodesia. Zilipokelewa na JWTZ, zikahifadhiwa, kisha zikatolewa kwa chama kilichotambuliwa na Kamati ya Ukombozi. Wapiganaji nao waliwekwa mbali na jiji: Kongwa, Nachingwea, Tunduru, Bagamoyo. Mjini zilibaki ofisi, shule na redio. Jioni Redio Tanzania iliwapa wageni hao muda wa hewani, wakazungumza na watu wao kwa lugha zao, na mawimbi yakafika mahali ambapo wapiganaji hawakuwa wamefika bado.

Ukiwa na funguo za ghala una uwezo wa kuamua mambo ambayo mwenye vita mwenyewe angependa kuyaamua. Nani atambuliwe? Nani apewe kwanza? Lini operesheni ipunguzwe kwa sababu Mreno analipiza kisasi kwa wanavijiji wa Mtwara na Ruvuma, ambao walikuwa tayari wanakanyaga mabomu ya ardhini wakienda shambani? Hashim Mbita, mwanajeshi kutoka Tabora aliyekuwa Katibu Mtendaji wa Kamati hadi ilipofungwa mwaka 1994, alijenga heshima yake juu ya kazi hiyo ngumu ya kugawa vichache kwa wengi bila kuwafanya wapigane wao kwa wao.

Wakati mwingine walipigana. Machi 1968 wanafunzi wa Kurasini waliwageuka viongozi wao. Padri Mateus Gwenjere alikuwa nyuma yao, na miongoni mwa vyanzo ilikuwa amri kwamba anayesoma ajiandae kwenda mstari wa mbele badala ya kusubiri nafasi ya chuo cha ng'ambo. Shule ikafungwa. Mei mwaka huo kundi la watu lilivamia ofisi ya FRELIMO Mtaa wa Nkrumah, na Mateus Muthemba akafa kutokana na kipigo. Serikali iliwaondoa nchini baadhi ya walimu weupe wa FRELIMO ili kupunguza moto. Miezi tisa baada ya uvamizi ule, Mondlane naye akauawa.

Serikali ikakaza mkono. Mwaka 1969 wapiganaji wa ANC wa Afrika Kusini walitakiwa kuondoka kambini, na wengi wao wakahamishiwa Urusi kwa muda. Mwaka 1970 ikafunguliwa kesi ya uhaini iliyomhusisha Kambona, aliyekuwa amekimbilia London, na Bibi Titi Mohamed, aliyesimama kizimbani. Shahidi mkuu wa serikali alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa PAC ya Afrika Kusini, mgeni wa Kamati ya Ukombozi. Alieleza kwamba alikuwa ameshirikishwa katika njama za kuipindua serikali. Hofu ya Colito ilikuwa imerudi kwa sura nyingine: kama si Leballo kwenda kusema, huenda mgeni mwenye askari angekuwa chombo cha mwenyeji mwenye kinyongo.

Kanuni hii ilikuwa na uso mbaya, na si haki kuufunika kwa sababu tunaupenda ukombozi. Andreas Shipanga wa SWAPO ya Namibia alitofautiana na uongozi wa chama chake, akakamatwa Zambia mwaka 1976, kisha akaletwa kufungwa Tanzania hadi 1978 bila kufikishwa mahakamani. Aliyeshika funguo za ghala alishika na funguo za gereza. Mara nyingi vyama vilivyotambuliwa vilimtumia mwenyeji kuwanyamazisha waliovipinga kutoka ndani, na mwenyeji alikubali.

Silaha peke yake zisingetosha. Upande wa pili wa fikra ile ulikuwa mafuta na mizigo, na hapo ndipo Temeke inapoingia kwa uzito wake wote.

Rhodesia ilipojitangazia uhuru, Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliazimia kwamba Uingereza isipowazima walowezi wale, wanachama wavunje uhusiano nayo. Wengi walipiga makofi wakaenda zao. Tanzania ilitekeleza Desemba 15, 1965, na Uingereza ikazuia mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa njiani. Zambia haikuweza kuwa na ujasiri wa namna hiyo, kwa sababu kila tone lake la mafuta lilipita kwa adui. Kwa miezi kadhaa mafuta yalipelekwa kwa ndege kutoka Dar es Salaam, mapipa kwa mapipa, na kwa malori kupitia barabara ya vumbi hadi Tunduma, ambayo mvua iliigeuza tope na miteremko ikaigeuza kaburi la madereva.

Suluhisho la kwanza lilikuwa bomba. TAZAMA lilijengwa na Waitaliano na kukamilika mwaka 1968, kilomita 1,710 kutoka Kigamboni, iliyokuwa Temeke kabla ya kuwa wilaya yake yenyewe, hadi Ndola. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER kilikuwa kimefunguliwa hapo hapo Kigamboni miaka miwili nyuma. Wavuvi wa upande ule walipata majirani wa chuma ambao umuhimu wao haukuandikwa popote kwenye ukuta: kila lita iliyosukumwa kutoka pale ilikuwa lita moja ambayo Ian Smith, kiongozi wa Rhodesia, hakuweza kuizuia.

La pili lilikuwa reli. Benki ya Dunia na mataifa ya Magharibi walipiga hesabu wakasema haitalipa. Ukizingatia hesabu yao peke yake, walikuwa sahihi. Nyerere alikwenda Beijing Februari 1965 na kurudi na ahadi. Mkataba ukatiwa saini huko Septemba 1967, ujenzi ukaanza Oktoba 1970, na Julai 1976 TAZARA ikakabidhiwa: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa mkopo usio na riba wa yuani milioni 988. Maelfu ya Wachina walikuja, na baadhi yao hawakurudi.

Kuna jambo moja kuhusu reli hii ambalo abiria wa stesheni ile, pale Barabara ya Nyerere inapokutana na Mandela chini ya daraja la Mfugale, hupita juu yake bila kulitambua. Upana wa njia ya TAZARA ni milimita 1,067. Reli ya Kati, ambayo ilikuwepo tangu Mjerumani, ina milimita 1,000. Nchi ilijenga reli ya pili isiyoweza kuungana na ya kwanza bila kuhamisha mizigo. Sababu ni kwamba 1,067 ndicho kipimo cha Zambia, Rhodesia, Msumbiji na Afrika Kusini. Katikati ya vita, wakati watawala wengi wa kusini walikuwa maadui, Dar es Salaam ililaza chuma kinacholingana na chuma chao. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzuri kuliko tamko lolote kwamba walioamua walitegemea kushinda.

Matamko nayo yalikuwepo, na yalifanya kazi yake. Ilani ya Lusaka ya Aprili 1969, ambayo Nyerere na Rais Kaunda wa Zambia walikuwa na mkono mkubwa ndani yake, iliwaambia watawala weupe kwamba nchi huru zingependelea kuzungumza kuliko kuua, lakini mlango wa mazungumzo ukifungwa zitawaunga mkono wanaopigana. Baadhi ya wapiganaji waliiona kama udhaifu. Mwenyeji aliijua faida yake: Sweden na makanisa ya Ulaya wasingewasaidia wapiganaji hao kama Dar es Salaam ingesema lugha ya bunduki tu. Mkakati huo ulilipa Aprili 25, 1974, wanajeshi wa Ureno waliochoka na vita vya Afrika walipoipindua serikali yao wenyewe Lisbon. Juni 25, 1975 Msumbiji ikawa huru, miaka 13 kamili tangu FRELIMO ilipoundwa Dar es Salaam. Mwaka 1978 Tanzania na Msumbiji zilianzisha pamoja, hapohapo Kurasini, kituo cha kufundisha wanadiplomasia, ambacho leo kina jina la Dkt. Salim Ahmed Salim.

Kama sura ingeishia hapa ingekuwa tamu sana. Lakini kaskazini palisahauliwa.

Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote wa Uganda Januari 25, 1971, na Obote akapata hifadhi Dar es Salaam. Kwa wageni wa kusini Tanzania ilikuwa na subira ya miaka, ratiba, na funguo mfukoni. Kwa Obote ilikosa yote matatu. Septemba 1972 wapiganaji wa Uganda zaidi ya 1,000 walivuka mpaka Mutukula bila maandalizi ya kutosha. Mpango ulihitaji makomando watue Entebbe kwa ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, DC-9 iliyochukuliwa kwa siri Dar es Salaam. Rubani alifika Kilimanjaro, matairi yakapasuka wakati wa kutua, na safari ikaishia hapo. Waliovuka kwa miguu walichapwa. Miongoni mwa walionusurika alikuwa Yoweri Museveni, aliyesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kwenda kujionea maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO. Aliyoyaona kusini yalimfundisha kwamba vita vya msituni havina njia ya mkato, na bado akajikuta ndani ya njia ya mkato.

Gharama ya kweli ilikuja mezani. Oktoba 1972, chini ya usuluhishi wa Siad Barre wa Somalia, Tanzania na Uganda zilikubaliana Mogadishu kwamba kila upande urudishe majeshi kilomita 10 kutoka mpakani. Tanzania ilitii, na macho yakarudi kusini. Mwaka 1978 ilikuwa na brigedi nne, na iliyokuwa tayari zaidi kwa mapigano ilikuwa ile ya kusini, upande wa Songea. Ukitaka kona ya Tanzania iliyo mbali na Bukoba, Songea ni jibu zuri.

Oktoba 1978 ulikuwa mwezi mbaya kuliko mingine yote katika historia ya fikra hii, na mara nyingi tunakumbuka nusu yake tu. Mwanzoni mwa mwezi Kaunda alitangaza kuifungua tena njia ya reli kupitia Rhodesia, kwa sababu mbolea ya wakulima wake ilikuwa imekwama na TAZARA pamoja na bandari ya Dar es Salaam vimeelemewa. Nyerere na Samora Machel, rais wa Msumbiji, walikasirika. Ile reli ya kumkata Smith ilikuwa imeshindwa, angalau kwa msimu ule, na iliposhindwa haikushindwa kwa bomu ila kwa upungufu wa injini, mabehewa na usimamizi. (Bomu lilikuja mwaka mmoja baadaye, makomando wa Rhodesia walipolipua daraja la Chambeshi.) Kisha mwishoni mwa mwezi uleule majeshi ya Amin yakaingia Kagera, yakaiba ng'ombe, yakaua, na Amin akatangaza kwamba ardhi ile hadi mto Kagera ni ya Uganda. Novemba 3 Waganda walilipua daraja la Kyaka lililovuka mto huo.

Siku moja kabla ya hapo Nyerere alikuwa amelihutubia taifa, na maneno yake matatu, uwezo, sababu na nia, bado yanajulikana na watoto ambao babu zao ndio waliyasikia redioni. Kati ya hayo matatu, uwezo ndio uliokuwa na mashaka siku ile. Sababu na nia zilikuwepo tele. Uwezo ulipaswa kukusanywa: malori na mabasi ya watu binafsi yakachukuliwa, mgambo wakaitwa, vijana wa JKT wakapanda treni. Jeshi lililokuwa na watu chini ya 40,000 likaongezeka mara kadhaa kwa miezi michache. Dar es Salaam ikabaki na vituo vya basi visivyo na mabasi.

Kilichofuata kinasimuliwa kwingi, nami nitakipita haraka. Kufikia mwisho wa mwaka Kagera ilikuwa imerudi mikononi mwetu. Januari 1979 Mutukula ikachukuliwa, Februari Masaka na Mbarara. Gaddafi wa Libya alituma askari na kutoa tishio. Ndege yake iliyolenga Mwanza ikaishia kuua swala katika kisiwa cha Saanane. Machi Walibya walichapwa Lukaya. Aprili 11 Kampala ikaanguka chini ya Jenerali David Msuguri, na Juni 3 mapigano yakaisha kwenye mpaka wa Sudan.

Swali la mkakati ni kwa nini hawakusimama mpakani. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitaka wasuluhishwe, na Nyerere alikataa kusuluhishwa na chombo kisichotaka hata kumlaani mvamizi. Alikuwa na hoja nyingine pia, ya mtu aliyeumwa na mkataba wa Mogadishu: kumwacha Amin mahali pake ni kuweka jeshi kaskazini milele, wakati Rhodesia bado haijaanguka. Taifa la watu wachache wenye bunduki haliwezi kulinda mipaka miwili. Namuelewa. Nadhani pia kwamba aliamua kwenda Kampala bila jibu la nani atatawala baadaye, na mkutano wa Moshi wa Machi 1979, uliomteua Yusuf Lule kuwa rais, uliitishwa wakati mizinga ilishatangulia. Lule alidumu siku 68. Majeshi yetu yakabaki Uganda hadi 1981, yakilinda serikali zilizokuwa zikibadilika haraka kuliko zamu za walinzi.

Bili ilisomwa nyumbani. Makadirio mengi huiweka karibu dola milioni 500, na iliangukia nchi ambayo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, mpaka na Kenya umefungwa, na bei ya mafuta imepanda tena mwaka huohuo wa 1979. Mwalimu aliomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Wakazi wa Magomeni na Tandika walioanza kupanga foleni ya sukari na sabuni walisubiri miaka, na mwaka 1983 walipata msako wa wahujumu uchumi badala ya bidhaa. Hakuna nchi ya Afrika iliyochangia gharama hizo kwa kiwango cha maana, na katika mkutano wa Monrovia wa Julai 1979 baadhi ya marais walisimama kuishutumu Tanzania kwa kuvuka mpaka.

Hukumu yangu ni hii. Vita vya kusini Tanzania iliviendesha vizuri kwa sababu ilichukua muda na ikashika funguo. Zimbabwe ilipata uhuru 1980, Namibia 1990, Afrika Kusini ikapiga kura 1994. Vita vya kaskazini ilivishinda kwa ushujaa wa askari, baada ya kuviandaa vibaya kwa miaka sita. Kosa halikuwa kumpiga Amin mwaka 1979. Lilikuwa kumruhusu Obote ajaribu kwa papara mwaka 1972, na kisha kuuacha mpaka ule wazi kana kwamba Amin alikuwa mtu wa kutunza ahadi.

Hayo si mambo ya zamani tu. Januari 2025 Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 huku Watanzania wakiwa miongoni mwa wanajeshi wa SADC waliokuwa mashariki mwa Kongo, na Februari 8 marais wa SADC na wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Dar es Salaam kutaka mapigano yasimame. Nchi bado inawahesabu wafu wa vita vile: makaburi ya mashujaa ya Kaboya, Kagera, yana waliokufa kaskazini. Yale ya Naliendele, Mtwara, yana waliokufa kusini, wakiwemo waliopelekwa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1980 kupambana na waasi wa RENAMO.

Hashim Mbita alitumia miaka yake ya mwisho kusimamia mradi wa SADC wa kukusanya historia ya ukombozi, na vitabu vyake vilitoka kabla hajafariki Aprili 2015. Vimejaa viongozi na makamanda. Mpagazi wa gati aliyebeba makreti, dereva ambaye lori lake lilichukuliwa Novemba 1978, mama aliyewapikia wanafunzi wa Kurasini, hao wengi hawamo. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa ana karibu 70, na huenda anaishi mtaa wako, Keko, Mtoni au Mwananyamala. Mtafute wiki hii, weka simu yako mezani, washa kinasa sauti, na umuulize alikuwa wapi.